Nyumba ya Wakristu wa Kwanza: Kanisa Lilipataje Umbo Lake?

Toka Mangina mpaka Beni, na toka Beni mpaka Butembo, ni shida kutembea nusu siku bila kuona kapela. Nyingine ni za matofali ya kuchoma na mabati. Nyingine ni za miti na udongo, nazo zimeezekwa kwa majani. Mkristu akifika huchovya vidole katika maji ya baraka, hupiga goti, kisha hutafuta nafasi yake. Amefanya hivyo tangu utoto. Lakini mwulize: Kwa nini mlango uko huku na altare iko kule? Kwa nini maji yamewekwa mlangoni? Kwa nini katika makanisa mengi ukuta wa nyuma ya altare ni wa mviringo? Wengi watakujibu: Ndivyo tulivyokuta.

Jibu hilo ni la kweli, walakini halitoshi. Waliotufundisha dini nao walikuta hivyo kwa wazee wao, na hao wazee kwa wazee wao, hata tufike kwa Wakristu wa kwanza kabisa. Hao hawakukuta kitu. Iliwalazimu kutafuta wenyewe nyumba iwezayo kuwafaa. Basi leo tutazame jinsi walivyofanya, sehemu moja moja. Habari hii si ya wenye elimu tu. Sisi tungali twajenga, na kwa sababu ya vita, mahali pengine twajenga mara ya pili na ya tatu. Ajengaye yampasa kujua kipi ni cha lazima na kipi ni pambo.

Mwanzo ulikuwa nyumbani mwa watu

Mitume hawakujenga kanisa hata moja. Katika Yerusalemu walikwenda hekaluni kusali pamoja na Wayahudi wenzao, na mkate waliumega nyumbani. Mtakatifu Paulo katika barua zake awasalimu Wakristu wanaokutana nyumbani mwa Priska na Akwila, na wale wa nyumbani mwa Filemoni. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatupa habari ya mkutano wa Troa: Paulo alisema mpaka usiku wa manane, na kijana mmoja jina lake Eutiko, aliyeketi dirishani, akashikwa na usingizi akaanguka toka ghorofa ya tatu. Watu wengi hukumbuka muujiza tu, yaani Paulo alivyomrudishia kijana uzima. Lakini tazama na chumba chenyewe: kilikuwa juu, kilikuwa na taa nyingi, na huenda watu walijaa hata kijana akakaa dirishani. Hilo ndilo kanisa la wakati ule: chumba kikubwa cha mtu mwenye nafasi, aliyekitoa kwa ajili ya ndugu zake.

Wengine hudhani kwamba Wakristu wa Roma waliishi chini ya ardhi katika katakombe, wakasali humo kila Dominika. Sivyo. Katakombe zilikuwa makaburi. Wakristu walishuka humo kuzika wafu wao na kuwakumbuka wamartiri siku ya ukumbusho wao. Kusanyiko la kila juma lilikuwa katika nyumba za watu, mjini, kati ya majirani.

Nyumba moja ya namna hiyo imeonekana kwa macho. Iko Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Eufrate, katika nchi ya Siria. Ilikuwa nyumba ya kawaida, yenye ua katikati na vyumba pande zote. Kabla ya katikati ya karne ya tatu, Wakristu waliitengeneza upya. Walivunja ukuta uliotenga vyumba viwili, wakapata chumba kimoja kirefu kinachotosha watu kama 70. Mwishoni mwake, upande wa mashariki, waliinua sakafu kidogo, pawe mahali pa yule anayeongoza sala. Chumba kingine walikifanya mahali pa ubatizo: walijenga birika, wakalifunika kwa kipaa chenye nguzo, wakachora nyota juu yake. Ukutani walichora Mchungaji Mwema akibeba kondoo, Bwana akimponya mwenye kupooza, Bwana akitembea juu ya maji, na wanawake wakienda kaburini. Kwa nje nyumba ilifanana na zile za jirani zake.

Na nyumba hiyo iliokokaje? Kwa vita. Mwaka 256 hivi Waajemi waliuzingira mji. Askari walinzi walijaza udongo katika nyumba zote zilizokuwa karibu na boma, ili boma liwe nene lisibomolewe. Nyumba ya Wakristu ikazikwa pamoja na nyingine. Mji ulianguka, watu wakaondolewa, na kila kitu kikalala chini ya udongo mpaka wachimbaji walipoikuta nyumba hiyo wakati wa kazi yao ya miaka 1931 na 1932. Basi udongo wa vita ndio uliotutunzia kanisa la nyumbani lililo maarufu kuliko yote ya zamani hizo.

Kutoka nyumba hadi basilika

Mwaka 303 kaisari Dioklesiano alitoa amri makanisa yabomolewe na Vitabu Vitakatifu vichomwe moto. Amri hiyo yenyewe yatuonyesha kwamba wakati ule Wakristu walikuwa na nyumba zao za sala zilizojulikana na wote. Miaka kumi baadaye, mwaka 313, kaisari Konstantino na mwenzake Lisinio waliwapa Wakristu ruhusa ya kusali bila hofu na kurudishiwa mali yao. Watu wakaja kwa wingi. Chumba cha watu 70 hakikutosha tena.

Basi wangejenga namna gani? Roma ilijaa mahekalu mazuri ya mawe. Kwa nini Wakristu hawakufuata umbo la hekalu? Sababu ni hii: hekalu la wapagani lilikuwa nyumba ya sanamu. Ndani palikaa mungu wao wa jiwe, na watu walisimama nje, palipokuwa altare ya dhabihu. Wakristu walitaka kinyume chake: watu waingie wote, wasikie Neno, washiriki meza moja. Iliwafaa nyumba ya kukutanisha watu.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwako mijini, nayo iliitwa basilika. Lilikuwa jumba refu ambamo watu walifanya biashara, walikutana kwa mashauri, na hakimu alikata kesi. Ndani yake mara nyingi palikuwa na safu mbili za nguzo, zikigawanya jumba sehemu tatu: ukumbi mpana wa katikati, na kumbi mbili nyembamba za pembeni. Paa la katikati liliinuliwa juu kuliko yale ya pembeni, na katika kuta zile za juu palitobolewa madirisha. Kwa hiyo mwanga ulishuka kutoka juu na kumfikia kila mtu. Mwishoni ukuta uliingia ndani kama nusu ya duara, na juu yake kikajengwa kipaa kama nusu ya kibuyu. Sehemu hiyo yaitwa absida. Humo ndimo aliketi hakimu.

Wakristu walitwaa jumba hilo wakaligeuzia kazi yake. Katika absida, alipoketi hakimu, waliweka kiti cha askofu, na kulia na kushoto benchi la mapadri. Mbele yao waliweka altare. Milango waliiweka mbali, upande wa pili, ili mtu akiingia macho yake yaende moja kwa moja mpaka altareni, nguzo zikimwongoza kama miti iliyopandwa kando ya njia.

Kanisa kuu la kwanza la Roma lililojengwa hivyo ni lile la Laterano, lililo mpaka leo kanisa kuu la Askofu wa Roma, yaani Baba Mtakatifu. Konstantino alilijenga mahali palipokuwa kambi ya askari wapanda farasi. Kambi ilivunjwa, kanisa likasimama. Kila mwaka tarehe 9 Novemba twakumbuka kutabarukiwa kwake. Wengi wetu husikia sikukuu hiyo ikisomwa wala hawajui sababu. Sababu ndiyo hii: ni ukumbusho wa siku ambapo Wakristu waliotoka katika kujificha walifungua mlango wao barabarani. Basilika ya kwanza ya Mtakatifu Petro, iliyojengwa juu ya kaburi lake, nayo ilikuwa na umbo hilo. Ilisimama miaka zaidi ya 1,100 kabla ya kuvunjwa ili lijengwe kanisa tunaloliona leo, ambalo lilianzwa mwaka 1506.

Mwenye kutaka kuona basilika ya kale ambayo umbo lake bado laonekana vizuri, aende kanisa la Mtakatifu Sabina, huko huko Roma, lililojengwa kati ya mwaka 422 na 432. Nguzo zake 24 zingali zasimama, na mlango wake wa mbao una picha za kuchongwa, mojawapo ikionyesha Bwana msalabani. Ni moja ya picha za kale kabisa za Msalaba zijulikanazo. Kwa nje ni kuta za matofali tu. Uzuri wote ulikuwa ndani. Wale wazee walidhani kwamba ngozi ya nyumba ni ya wapitao, na moyo wake ni wa waingiao.

Tuingie pamoja nao

Eusebio, askofu wa Kaisaria, alihubiri siku ya kutabaruku kanisa jipya la Tiro, karibu na mwaka 315. Kanisa la kwanza la mji huo lilikuwa limebomolewa wakati wa mateso, na adui walitupa takataka mahali pake. Askofu wa Tiro angaliweza kuchagua kiwanja kingine, maana mji ulikuwa na nafasi. Akakataa. Alisafisha pale pale, akajenga pale pale, tena kubwa kuliko lile la kwanza. Kwa maneno ya Eusebio twaweza kuingia kanisa la kale hatua kwa hatua.

Kwanza ni ukuta uliozunguka kiwanja chote, na lango kubwa refu. Lango lilifanywa zuri makusudi, ili hata asiye Mkristu apitapo mbali aone na kutamani kukaribia.

Ukipita lango, huingii kanisani bado. Unaingia uani, penye nguzo pande nne na paa lenye kivuli, na katikati jua na hewa. Humo uani mlikuwa na chemchemi, na watu walinawa kabla ya kuingia. Kunawa mikono kabla ya sala kulikuwa desturi ya siku nyingi. Hata Tertuliano wa Kartago, Mwafrika wa kaskazini, aliwaonya Wakristu karibu na mwaka 200 kwamba mikono safi haifai kitu moyo ukiwa mchafu. Chombo chetu cha maji ya baraka kilicho mlangoni chakumbusha kunawa huko.

Sisi wa Mangina tunalo la kukumbuka hapa. Tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa Ebola katika nchi yetu, Mangina ndipo palipokuwa kitovu chake cha kwanza, na kabla haijaisha mwezi wa Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Siku zile ndoo za maji yenye dawa zilisimama mbele ya milango ya makanisa, na hakuna aliyeingia bila kunawa. Wengine waliona ni jambo geni. Kumbe Wakristu wa Tiro wangalituona, wasingalishangaa kuona maji mbele ya mlango wa kanisa. Wao walinawa kwa heshima, sisi tulinawa kwa heshima na kwa kuokoa jirani.

Baada ya ua ni milango mitatu, wa katikati mkubwa kuliko ya pembeni. Katika makanisa mengi palikuwa na baraza nyembamba ya kupokelea watu karibu na milango hiyo. Na ndani ndipo ukumbi mrefu. Usitafute mabenchi. Watu walisimama. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo, alizoea kuhubiri akiwa ameketi katika kiti chake, nao waamini wamesimama mbele yake. Yeye mwenyewe aliwasifu wale wa ng'ambo ya bahari waliowaruhusu watu kuketi, kwa kuwa aliwahurumia wachovu. Mabenchi ya waamini yaliyopangwa safu kwa safu yalikuja karne nyingi baadaye. Kwa kawaida wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, kama ifanyikavyo hata leo katika kapela nyingi za vijijini kwetu.

Mbele ya altare palikuwa na wigo mfupi wa mbao au wa mawe yaliyotobolewa, ili umati usiisonge meza ya Bwana. Katika makanisa mengi palikuwa na mimbari, mahali palipoinuliwa, pa kusomea Maandiko. Kumbuka kwamba vitabu vilikuwa ghali, na walio wengi hawakujua kusoma. Mtu alilijua Injili kwa masikio. Msomaji asiposikika, watu walikosa chakula chao. Ndiyo maana walimwinua.

Eusebio amaliza kwa kusema kwamba nyumba ile yote ni mfano wa watu wenyewe. Wengine ni ukuta unaolinda. Wengine ni mlango, kazi yao kuwapokea na kuwaongoza wageni. Wengine ni nguzo. Mababa wa Eklezya hawakutenga kamwe habari ya jengo na habari ya watu.

Nyumba ya kuzaliwa

Sehemu moja yataka maneno yake peke yake, nayo ni mahali pa ubatizo. Katika miji mikubwa hapakuwa ndani ya kanisa. Ilikuwa nyumba ya pembeni, mara nyingi yenye pembe nane. Hivyo ndivyo ilivyo ile ya Laterano mpaka leo. Kwa nini nane? Kwa sababu Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita, akapumzika ya saba, na Bwana alifufuka siku iliyofuata, kana kwamba ni siku ya nane, mwanzo wa ulimwengu mpya. Abatizwaye aingia katika siku hiyo.

Wakatekumeni walikuja kanisani kila Dominika, wakasikiliza masomo na mahubiri, kisha wakaagwa, wakatoka. Hawakuona Ekaristi. Usiku wa Pasaka waliingizwa katika nyumba ya ubatizo, wakageukia magharibi, upande wa giza, wakamkataa Shetani. Kisha wakageukia mashariki, wakamkiri Kristu. Walishuka majini kwa ngazi upande mmoja, wakapanda upande mwingine, wakavikwa nguo nyeupe, wakaongozwa kanisani ambako ndugu zao waliwangojea. Ndipo kwa mara ya kwanza walisimama mpaka mwisho. Huko Kelibia, katika Tunisia, lilionekana birika moja la namna hiyo la karne ya sita, lenye umbo la msalaba, limepambwa kote kwa vijiwe vya rangi. Leo limo katika jumba la makumbusho la Bardo.

Upande wa mawio ya jua

Wakristu tangu zamani walisali wakielekea mashariki, kwa kuwa jua linalochomoza lawakumbusha Kristu mfufuka na kurudi kwake. Kwa kujenga kanisa hapakuwa na sheria moja mwanzoni. Laterano na Mtakatifu Petro zina milango yake upande wa mashariki, vilevile Tiro. Baadaye desturi iliyoenea ni kuweka absida mashariki na mlango magharibi, ili kusanyiko lote lielekee mawio. Sisi wa Mangina jua latujia kutoka upande wa Ruwenzori. Kapela ambayo altare yake yatazama huko imefuata njia ya zamani sana, hata kama fundi hakuijua.

Makanisa ya kale ya Afrika

Sasa msomaji aweza kusema: Hayo ni ya Roma na Siria, sisi Waafrika tulipokea mwisho. Asiseme hivyo haraka. Theluji ya Ruwenzori upande wetu yayeyuka, maji yake yaingia Semliki, Semliki yaingia Ziwa Albert, na toka hapo ni Nili mpaka Sudani na Misri. Kando ya mto huo huo, katika nchi ya Nubia, walikuwako wafalme Wakristu tangu karne ya sita.

Mji mmojawapo uliitwa Faras. Askofu wake Paulo alijenga kanisa kuu mwaka 707. Likaja kufunikwa na mchanga, na mchanga ukalinda picha za kuta zake. Kati ya mwaka 1961 na 1964 wataalamu wa Polandi, wakiongozwa na profesa Michałowski, walilifukua kwa haraka, maana bwawa la Aswani lilikuwa karibu kuifunika nchi ile. Picha zaidi ya 100 zilibanduliwa ukutani, nyingine zikapelekwa Khartoum na nyingine Warszawa. Mahali penyewe pako chini ya maji hivi leo. Katika picha moja yuko askofu Petro wa Faras, mtu mweusi wa uso, amevaa mavazi ya kiaskofu, na nyuma yake Mtakatifu Petro Mtume amesimama kumlinda.

Makanisa ya Nubia yalifuata basilika, lakini mafundi wa huko waliongeza yao. Mengi yalijengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Kulia na kushoto mwa absida waliweka vyumba viwili vidogo vya kutunzia vyombo na kuandaa ibada, na nyuma ya absida ujia mwembamba wa kupitia kutoka chumba kimoja mpaka cha pili. Milango mara nyingi ilikuwa ubavuni, upande wa kaskazini na wa kusini.

Tupande sasa milima ya Ethiopia. Katika karne ya nne Mtakatifu Frumensio alipewa uaskofu na Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, na mfalme Ezana wa Aksumu akapokea dini, akaweka msalaba katika fedha zake. Kati ya mwaka 2011 na 2016 wachimbaji walifukua mji wa kale uitwao Beta Samati, karibu na Yeha, wakaona basilika ya karne hiyo hiyo ya nne. Urefu wake ni kama mita 18 na upana mita 12. Pima kapela ya kijiji chako kwa hatua. Labda utaona hazipitani sana. Basi katika karne ile ile Konstantino aliyojenga Roma, Waafrika walikuwa wakikutana katika basilika yao wenyewe.

Waaksumu walikuwa na namna yao ya kujenga: tabaka za mawe, na kati yake boriti za mbao, ncha za miti zikitokeza nje ya ukuta. Kanisa la monasteri ya Debre Damo, juu ya mlima ambao hupandwa kwa kamba tu, laonyesha namna hiyo. Karne nyingi baadaye, kwa jina la mfalme Lalibela, yalichongwa makanisa 11 katika mwamba mzima. Ajabu yake ni hii: katika kanisa la Emanueli huko Lalibela, mafundi walichonga katika jiwe mfano wa zile tabaka za mbao za kale. Jiwe halihitaji boriti. Walifanya hivyo kwa sababu kanisa walilolijua kwa babu zao lilikuwa na umbo hilo, nao hawakutaka kulisahau.

Na sisi tujengao?

Tukikusanya yote, twaona kwamba hakuna sehemu iliyowekwa bure. Lango ni la kumwita mgeni. Maji ni ya kumsafisha. Mimbari ni ya kumfikishia Neno. Altare ni meza ya wote. Kiti ni cha yule anayewaongoza kwa niaba ya Kristu. Birika ni la kuzaliwa. Madirisha ya juu ni ya mwanga. Mnara wa kengele haumo katika orodha hiyo; ulikuja karne kadhaa baadaye. Kapela inayoita watu wake kwa ngoma, au kwa chuma cha gurudumu la gari kinachogongwa chini ya mti, haikupungukiwa na kitu ambacho Wakristu wa kwanza walikuwa nacho.

Nasema hayo kwa sababu najua mabishano ya kamati za ujenzi. Fedha za waamini wa mashamba ya kakao na kahawa si nyingi. Mara nyingine zimeishia katika mnara na uso wa mbele wa kanisa, na ndani msomaji hasikiki, wakatekumeni hawana pa kufundishwa, na mtoto abatiziwa katika beseni la kuazima. Wazee wetu wa imani wangalianza ndani.

Tena ziko parokia ambazo hazibishani juu ya mnara, bali juu ya kurudi au kutorudi. Dominika tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili mjini Beni, kabla ya Misa, likajeruhi wanawake wawili. Usiku wa kuamkia Dominika tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, waamini zaidi ya 30 waliokuja kukesha katika sala waliuawa. Mungu awapumzishe. Vijiji vingi vya pande zetu vimekimbiwa, na kapela zake zimebaki tupu, majani yakiota mlangoni.

Waliokimbia hawakuacha kukutana. Wakristu wa Dura wangalipitia katika kambi zetu, wangalijua mara moja kinachofanyika: darasa la shule limeondolewa madawati, meza imetandikwa kitambaa, msomaji amesimama juu ya kitu ili aonekane, maji yako mlangoni. Hilo ni kanisa, na sehemu zake zote zimo. Na siku amani itakaporudi, mfano wa askofu wa Tiro uko mbele yetu: kusafisha pale pale na kujenga pale pale.

Dominika ijayo ufikapo kanisani, simama kidogo mlangoni. Tazama maji, tazama mimbari, tazama altare. Kisha wafundishe watoto wako maana yake, wasije wakajibu nao kwamba ndivyo walivyokuta tu.